Injini Iliyo Ngamani: Oili Yake na Vifuniko Vyake

Zamani, wakati majahazi ya mwambao yalipokuwa hayana msukumo ila wa kaskazi na kusi, nahodha aliyetaka kujua hali ya chombo chake alikagua tanga na kamba, akakagua mbao na kalafati, kisha akateremka kutazama maji yaliyokusanyika ngamani. Na alipokwisha kuridhika na hayo matatu, aliweza kutweka na kutawakali. Siku hizi, katika bandari nyingi za kwetu, toka Lamu na Mokowe mpaka Tanga, Unguja na Mafia, imeongezeka amana ya nne, nayo ni injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo, chini ya sakafu, mahali penye giza, joto na unyevu wa chumvi, ambapo mwenyewe aweza kupitisha mwezi mzima asiione kwa macho, akatosheka na kuusikia mlio wake. Kutoonekana huko ndiko kunakoiponza. Tanga likichanika kila abiria huliona, lakini oili ikiharibika haina wa kuisemea, na gasketi ikianza kuvuja huvujia ngamani, kwenye maji yaliyokuwamo tangu jana. Hata siku injini inapokwama katikati ya mkondo, na bahari imechafuka, ndipo watu wanapoulizana oili ilibadilishwa lini.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi mbili ambazo kila mwenye chombo chenye injini ya ndani hana budi kuzifahamu, hata akiwa ana fundi wa kumfanyia: kubadilisha oili, na kufunga upya vifuniko vya injini ili visivuje. Nazileta pamoja kwa sababu haziachani. Oili ndiyo inayoihifadhi injini, na vifuniko ndivyo vinavyoizuia oili isitoke na maji ya chumvi yasiingie. Na kwa rai yangu, injini nyingi zinazoliwa na kutu kwenye fukwe zetu zingalikuwa zikifanya kazi hata leo, lau mambo haya mawili yangalifanywa kwa wakati wake na kwa utulivu.

Injini ya namna hii ina asili ya zaidi ya karne moja. Mhandisi wa Kijerumani Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifaulu kuendesha injini yake timamu mjini Augsburg mwaka 1897, na mwaka 1912 meli iitwayo Selandia, iliyoundwa Copenhagen, ilisafiri mpaka Bangkok kwa nguvu za injini za jinsi hiyo, pasipo tanuri la makaa. Hizo zilikuwa injini kubwa mno kwa mvuvi. Chombo kidogo kilisubiri hadi mwaka 1933, wakati kampuni ya Yanmar ya Japani ilipofanikiwa kutengeneza dizeli ndogo iwezayo kununuliwa na kutumiwa na mtu wa kawaida, na jina hilo limekuwa mashuhuri kwa mabaharia wetu mpaka leo. Fadhila kubwa ya dizeli ni ustahimilivu: haina plagi za umeme za kuharibiwa na unyevu, hunywa mafuta kidogo, na ikitunzwa hudumu kwa maelfu ya saa za kazi.

Ili msomaji aone kwa nini oili imepewa cheo kikubwa kiasi hiki, yafaa ajue jaribio lililofanywa huko Uingereza na mhandisi Beauchamp Tower, ambaye habari za uchunguzi wake zilichapishwa mwaka 1883. Tower alikuwa akizichunguza beringi za namna ya zile za mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie mafuta, lakini mhimili ulipozunguka, mafuta yakapanda na kutokea tunduni pale pale yalipokusudiwa yaingie. Akaliziba tundu kwa kizibo kama kile cha chupa, kikasukumwa nje; akaliziba kwa kigingi cha mti, nacho kikasukumwa nje; ndipo alipofunga geji ya kupimia shinikizo, akaona mshale wake unapita ratili 200 kwa kila inchi ya mraba. Kumbe mhimili unaozunguka ndani ya mafuta hauigusi beringi yake: hujivutia mafuta chini yake, nayo yakawa utando mwembamba unaoubeba mzigo wote. Miaka mitatu baadaye, mwanachuoni Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu jinsi utando huo unavyopatikana.

Krankishafti iliyo katika injini ya mashua yako huelea vivyo hivyo. Kati yake na beringi pana oili ambayo unene wake ni mdogo kuliko unywele, na juu ya oili hiyo hupita nguvu zote zinazozungusha rafadha na kuwasukuma abiria na shehena mbele. Chembe ya mchanga, masizi yaliyogandamana au maji ya bahari yakiingia mahali hapo, utando hukatika, chuma kikakutana na chuma, na kwa muda usiozidi dakika chache beringi iliyoundwa kwa ustadi mkubwa huyeyuka na kung'ang'ania.

Maadui wa oili hutoka ndani na nje. Ndani, kila dizeli inapoungua huacha masizi, na sehemu ya masizi hayo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kuteremka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Kadhalika salfa iliyomo katika mafuta ya dizeli, ikichanganyika na mvuke unaotokana na moto, hufanya asidi inayokula beringi. Watengenezaji wa oili hutia dawa za kuyashika masizi yasitue na za kuiua asidi hiyo, lakini dawa ina kiasi chake, na ikiisha imekwisha, japokuwa oili yenyewe ingalipo na ingali ikionekana nzito. Nje, adui ni maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na injini iliyopata moto mchana ikapoa usiku huukusanya unyevu huo katika kuta zake za ndani, ndiyo maana chombo kilichofungwa gatini msimu mzima bila kazi chahitaji oili mpya sawasawa na kile kilichofanya kazi.

Kuhusu muda, kitabu cha mtengenezaji ndicho kadhi, na kila injini ina hukumu yake. Lakini kwa jumla injini mpya, au iliyotoka kufanyiwa matengenezo makubwa, hubadilishiwa oili baada ya saa 50 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 100 hadi 250 kulingana na aina yake, na kwa vyovyote isipungue mara moja kwa mwaka. Hapa pana hadaa ambayo wenye vyombo wengi huingia bila kujua, nayo ni kuhesabu kwa miezi kama wahesabuvyo wenye magari madogo ya nyumbani. Boti ya kuvusha watu inayofanya kazi saa 6 kila siku hutimiza saa 100 kwa siku 17 tu. Mwenye kungoja miezi mitatu amekwisha kupita kiasi mara tano. Ama kuhusu aina ya oili, bandari zetu hazina baridi, kwa hiyo injini nyingi za vyombo vidogo huridhika na SAE 40 au 15W-40. La muhimu ni kuwa oili iwe ya dizeli, ambayo katika alama za API hutambulikana kwa herufi C inayotangulia, kwa sababu oili ya petroli pekee haikupewa dawa za kutosha za kushindana na masizi.

Sasa tuje katika kazi yenyewe. Gari hufunguliwa nati chini ya sampu, oili ikamwagika kwenye beseni, mambo yakaisha. Chomboni haiwezekani, maana sampu imelala karibu sana na mkuku, na mataruma yameizunguka kila upande, hata mkono wa mtoto haupiti; na hata ungepita, oili yote ingeishia ngamani. Kwa sababu hiyo oili ya injini ya ndani hunyonywa kwa juu. Injini huwashwa kwanza kwa muda wa dakika 10 hadi 15, au kazi hufanywa mara chombo kinaporudi safarini, kwa kuwa oili ya moto ni nyepesi na masizi huwa yangali yakielea ndani yake. Ikipoa, uchafu hutua chini, ukanyonya kilicho safi na kukiacha kilicho kichafu. Kisha injini huzimwa, ikaachwa dakika chache oili iteremke, na mpira mwembamba wa bomba la mkono ukapitishwa katika tundu la kijiti cha kupimia mpaka uguse chini. Baadhi ya injini zimefungwa bomba lake maalumu tangu kiwandani, na aliye nayo amshukuru aliyeiunda.

Oili inayotoka ipimwe. Ikiwa kitabu chasema injini hubeba lita 4 na zilizotoka ni mbili na nusu, ama mpira haukufika chini, ama chombo kimeinama, ama nyingine imekwisha kuvuja, na kila moja ya sababu hizo yataka dawa yake.

Baada ya kupima, itazamwe kwa makini kabla haijawekwa kando, kwa sababu oili kuukuu ni shahidi wa yote yaliyopita ndani ya injini. Weusi wake usikutishe. Oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya saa chache tu, na weusi huo ni dalili kwamba inafanya kazi ya kubeba masizi. Yaliyo ya kutisha ni mengine. Ikinuka dizeli na kuwa nyepesi kama maji, au ikiwa kipimo kilikuwa kikipanda chenyewe bila ya mtu kuongeza, mafuta ya dizeli yanaingia, aghalabu kwa sababu ya kiwambo kilichopasuka cha pampu ndogo ya mafuta. Ikimetameta kwa chembe za chuma, kuna beringi inayoliwa. Tone moja likiangushwa juu ya karatasi nyeupe inyonyayo na kuachwa lienee, oili iliyo hai huacha duara linalofifia taratibu kuelekea nje, bali iliyokufa huacha kitu cheusi katikati na ukingo mkali.

Shahidi mzito kuliko wote ni rangi ya kijivu cheupe, kama maziwa yaliyotiwa kahawa, maana hiyo ni alama ya maji. Mwenye shaka aangushe matone machache juu ya kipande cha bati lililopashwa moto: yakiruka na kupasuka kwa sauti, maji yamo. Na maji ya chomboni mara nyingi ni ya chumvi, yaliyoingia kwa kipoza oili kilichotoboka, au kwa sili ya pampu ya maji iliyochakaa, au kwa gasketi ya silinda hedi, au kwa njia ya bomba la moshi; kwani katika injini ambazo maji ya kupozea hutolewa pamoja na moshi, mtu akishikilia kuizungusha injini isiyotaka kuwaka, pampu huendelea kuyajaza maji yale, nayo yakarudi nyuma mpaka kwenye silinda. Hapo hakuna nafasi ya ajizi. Oili hiyo hunyonywa saa ile ile, ikatiwa nyingine ya bei nafuu, injini ikaendeshwa muda mfupi, ikanyonywa tena, na kurudiwa hivyo mpaka itoke haina weupe, kisha kisababu kitafutwe kabla chombo hakijatoka. Injini iliyolazwa usiku kucha na maji ya chumvi ndani yake huamka na kutu kwenye beringi, na kutu hiyo haiondolewi na oili yoyote.

Filta haina maneno mengi. Ifunguliwe huku mfuko wa plastiki umeivika kwa chini, ihakikishwe kuwa mpira wa filta kuukuu haukubaki umeshikana na injini, maana mipira miwili ikikutana huteleza na kuimwaga oili yote kwa dakika. Mpira wa filta mpya upakwe oili, na filta ikazwe kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa, bila spana. Oili mpya itiwe kidogo kidogo na kupimwa, na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kumfundisha mtu wa pwani: chombo kisipimwe oili kikiwa kimepwelewa. Maji yakipwa, mashua hulalia ubavu mmoja juu ya tope, na kijiti kikasema uongo, ama kwamba oili imepungua ilhali imetosha, ama kwamba imetosha ilhali imepungua. Ngoja maji yajae, chombo kielee sawa, ndipo upime. Wala usizidishe ukidhani ni heri, kwa kuwa oili iliyozidi hupigwa na krankishafti, ikageuka povu, na povu halibebi utando.

Tukija kwenye vifuniko, tunaingia katika kazi inayodharauliwa zaidi, na kwa hiyo inayoharibiwa zaidi. Injini ina vifuniko vingi: kile cha tapeti kilicho juu, kile cha gia za mbele, vile vya ubavuni vya kukagulia, na sampu yenyewe iliyo chini, na kati ya kila kifuniko na mwili wa injini hukaa gasketi ya karatasi ngumu, ya mpira, au ya gome lile jepesi la vizibo vya chupa. Kazi ya gasketi ni kujaza vijibonde vidogo vya chuma ambavyo jicho halivioni, na mafundi wetu wa kalafati wana ujuzi ulio sawa na huu, kwani wajua kuwa pamba haishiki katika ufa usiosafishwa hata ikipigwa kwa nyundo namna gani.

Kifuniko cha tapeti kikianza kuvuja, mtu asiye na subira hukimbilia spana na kukaza. Kifuniko hicho mara nyingi ni cha bati tu, na bolti zake ni chache. Akikaza kupita kiasi, bati hubonyea palipo na bolti na kuinuka katikati ya bolti na bolti, na uvujaji ukazidi. Dawa yake ni kukivua, kukilaza juu ya kitu kilicho sawa kabisa, na kuyanyoosha kwa nyundo ndogo yale mabonde mpaka ukingo wote uguse. Gasketi kuukuu ibanduliwe kwa kipande cha mti mgumu au cha shaba, si kwa patasi ya chuma, hasa ikiwa mwili ni wa aluminiamu, maana mkwaruzo mmoja uliopita toka ndani hadi nje ni mfereji wa oili. Matundu yote yazibwe kwa vitambaa safi kabla ya kukwangua, na vitambaa vihesabiwe vikiingia na vikitoka. Kisha nyuso mbili zipanguswe kwa petroli kidogo mpaka zikauke na zisiwe na utelezi, moto na sigara vikiwa mbali na ngama ikiwa imepitishwa hewa.

Wapo wanaoamini kwamba gundi ya silikoni yatosha badala ya yote hayo, wakaimimina kama mwashi amiminavyo chokaa. Sikubaliani nao hata kidogo. Silikoni ina mahali pake, nayo ni ukanda mwembamba kwenye pembe au maungio ambayo mtengenezaji ameyataja. Ikizidi, nusu yake hubanwa nje, ambako haina madhara, na nusu hubanwa ndani, ikakatika vipande, ikaelea mpaka kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba. Vilevile gasketi ya vifuniko vya ubavuni fundi hodari aweza kuikata mwenyewe katika karatasi maalumu, akiilaza juu ya kifuniko na kuigongagonga ukingoni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo. Bali ya silinda hedi haikatwi kwa mkono abadan. Na gasketi nyembamba ya kifuniko cha pampu ya maji ibadilishwe kwa nyingine ya unene ule ule, kwa sababu ikiwa nene zaidi, kipanga cha mpira kilichomo hupata nafasi pembeni na pampu ikapoteza nguvu ya kuvuta.

Kukaza nako kuna adabu yake. Bolti zote huingizwa kwa vidole kwanza, kisha hukazwa kwa mzunguko wa pili na wa tatu, kuanzia katikati kuelekea ncha, upande huu na upande ule kwa zamu, hata kifuniko kikae kwa usawa. Na pale kitabu kilipotaja kipimo, spana ya kupimia mkazo itumike. Maadamu kifuniko cha tapeti kimekwisha kufunguliwa, ni hasara kukirudisha bila kupima nafasi za valvu, ambazo kwa injini nyingi ndogo zikiwa baridi ni kati ya milimita 0.2 na 0.4.

Kuna uvujaji usiosikia gasketi yoyote, nao umewagharimu watu fedha nyingi. Kila injini ina bomba la kupumulia, kwa kuwa sehemu ya moshi wa silinda hupenya kila mara na kuteremka kwenye sampu, na moshi huo sharti upate njia ya kutokea. Bomba hilo likizibwa na masizi, au likikunjwa na mzigo uliotupwa juu yake, shinikizo hupanda ndani, likaitafuta njia nyepesi, na oili ikatokea kwenye vifuniko vyote na sili zote. Mwenye injini hubadilisha gasketi hii leo na ile kesho, wala haponi. Kabla ya kununua gasketi yoyote, vua bomba la kupumulia, lioshe, lipulize. Ni kazi ya dakika chache na haina gharama.

Limebaki jambo la oili iliyotolewa, na hili nalisema kwa uzito wote nilio nao. Oili iliyotumika ina masizi, vumbi la metali na sumu zilizozaliwa na moto; uchunguzi umeonyesha kuwa huleta saratani ya ngozi kwa panya waliopakwa, kwa hiyo fundi avae glavu na aoshe mikono kwa sabuni, asioshe kwa petroli. Wapo wanaoipaka kwenye mbao badala ya sifa ya papa, na mvua na mawimbi huishusha yote majini. Wapo wanaoimwaga ufukweni usiku. Mikoko aina ya mchu huvuta pumzi kwa mizizi yake midogo inayochomoza juu ya tope, na mizizi hiyo ikifunikwa na oili mti hukosa hewa ukafa, na pamoja nao hupotea mahali pa kukulia kamba na samaki wachanga ambao mvuvi yule yule atawatafuta kesho. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, uliofanywa mwaka 1973 na kurekebishwa mwaka 1978, huamuru meli kubwa zisitoe maji ya ngamani yenye mafuta kupita sehemu 15 katika milioni. Vyombo vyetu vidogo havina mitambo ya kupimia hayo, lakini vyaweza kuwa na trei chini ya injini, na matambara yanyonyayo ndani yake, na dumu la kurudishia oili bandarini.

Dumu hilo nalo lataka mahali pa kumiminwa. Nawasihi viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, na wenye vyombo wa kila diko wasingoje kuambiwa na serikali: wachange fedha wanunue pipa moja lenye kifuniko, waliweke kivulini mbali na maji ya bamvua, waandike juu yake kuwa ni la oili kuukuu tu, isiyochanganywa na maji wala petroli, na wakubaliane na mnunuzi wa kuichukua linapojaa. Na pembeni mwa pipa litundikwe daftari, ambamo kila mwenye chombo ataandika tarehe, saa za injini, lita zilizotoka, lita zilizoingia, na kifuniko gani kilifunguliwa.